Homa Isiyo na Homa: Hepatitisi B kwa Mama Mjamzito

Ugonjwa wa hepatitisi B umezoeleka kwa jina la homa ya ini. Makala haya yanadai kuwa jina hilo, ingawa limeenea, laweza kumpotosha mama mjamzito, na kwamba anayelipia upotofu huo ni mtoto.

Kwanza, neno "homa" humfanya msikilizaji atarajie joto la mwili na kutetemeka, ilhali anayeishi na virusi hivi aghalabu haoni dalili yoyote kwa miaka mingi. Pili, jina hilo hukaribiana na "homa ya manjano", ugonjwa tofauti unaoenezwa na mbu. Mama wa Mosocho akiulizwa kama amewahi kuugua homa ya ini, huenda akakana kwa moyo safi, na bado awe na virusi damuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hivyo damu ndiyo ya kuulizwa, si kumbukumbu.

Kipimo chenyewe ni chepesi: katika damu hutafutwa antijeni ya uso, yaani sehemu ya ganda la virusi. Ugunduzi wake katika miaka ya 1960 ulichangia Baruch Blumberg kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Je, kwa nini kupima mapema? Mtoto huambukizwa hasa wakati wa kuzaliwa, anapogusana na damu na majimaji ya mama. Takriban asilimia 90 ya watoto wanaoambukizwa hivyo hubaki na virusi maishani. Kwa watu wazima idadi hiyo haifiki asilimia 5. Hatima yaweza kuwa makovu ya ini au saratani.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hata hivyo, kwa aliyezaliwa na mama mwenye virusi, wiki ya 6 huwa imechelewa. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mtoto achanjwe katika saa 24 za kwanza. Aidha, mama mwenye virusi vingi huweza kupewa dawa ya tenofoviri kabla ya kujifungua. Kunyonyesha hakukatazwi.

Saa 24 si nyingi. Mama aliyejua hali yake mapema hupanga mahali pa kujifungulia penye chanjo hiyo, au huelekezwa hospitali ya rufaa mjini Kisii. Asiyejua hana la kupanga.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu. Hatuwezi kulifuta jina lililokwisha kuota mizizi, lakini twaweza kulifafanua: homa ya ini ni virusi, na mwenye navyo huweza kukosa homa. Kadhalika, tumpe mama swali la kubeba kliniki: "Je, damu yangu imepimwa hepatitisi B?" Majibu ya kipimo cha UKIMWI hayamjibu swali hilo.