Wanga, Sukari na Siha ya Moyo

Wanga umepata jina baya siku hizi. Huyu ameacha ugali, yule ameapa kutogusa wali, na mwingine, baada ya tabibu kumwarifu kwamba shinikizo la damu yake limepanda, ameviondoa mezani viazi, ndizi na mihogo kwa pamoja, kana kwamba vyakula hivi ni vya ukoo mmoja na kosa lao ni moja, ilhali soda na chai iliyokolea sukari zimebaki mahali pake bila ya kuulizwa neno. Hukumu ya namna hii haina insafu. Wanga ni jina la jumla linalokusanya vitu vyenye tabia mbalimbali, na maarifa yaliyopatikana kwa zaidi ya nusu karne yanatuonyesha kwamba, ukiacha wingi wa chakula chenyewe, linaloamua salama au maradhi ya moyo ni aina ya wanga tunaoula, na hasa hali ambayo wanga huo umetufikia nayo: ama umekuja na ganda lake na nyuzinyuzi zake, ama umevuliwa vyote hivyo mashineni.

Sehemu kubwa ya maarifa haya ilianzia Afrika Mashariki. Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona jambo la ajabu: maradhi ya mishipa ya moyo, yaliyokuwa yakiua halaiki ya watu huko kwao Uingereza, yalikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika aliowatibu, hata ikawa mwaka 1956, yeye na mwenzake Singh walipompata Mwafrika mmoja aliyeshikwa na maradhi hayo, kisa hicho kimoja kilistahili kuandikiwa makala katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki. Watu waliomzunguka walikuwa watu wa matoke, ulezi, mtama, viazi vitamu na maharage, na wanga ndio uliokuwa sehemu kubwa ya riziki yao. Lau wanga kwa dhati yake ungalikuwa sumu ya moyo, wodi za Mulago zingalijaa wagonjwa hao.

Fikira hiyo ilimwingia pia Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago ambaye jina lake limebaki katika vitabu vya utabibu kwa sababu ya saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Waliporejea Uingereza wawili hawa walishirikiana, na mwaka 1975 wakatoa kitabu walichokihariri pamoja kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na kusafishwa na uhusiano wake na maradhi, wakitetea rai kwamba kilichowapungukia watu wa miji ya Ulaya ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga, na ambayo wengi walikuwa wakiihesabu kuwa ni takataka. Rai yao, walakini, haikuwa yakini bado, kwani wakulima wa Uganda walitofautiana na makarani wa Ulaya kwa mengi zaidi ya chakula: walilima kwa jembe, walikwenda kwa miguu, na wengi hawakujaliwa kufikia umri ambao moyo huanza kuchoka.

Kabla ya kuzitazama dalili zilizofuata, inatupasa kuitazama punje ya mahindi yenyewe. Punje ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini ambacho ndicho mbegu ya mche ujao, na katikati bonge jeupe la wanga. Anayetaka unga wa dona humimina mahindi yake mashineni yakasagwa yote, na hakuna kinachotupwa. Bali anayetaka sembe huyatia maji kidogo, akayapitisha kwanza katika mashine ya kukoboa, ganda na kiini vikatoka upande mmoja vikiwa pumba, na punje nyeupe iliyosalia ndiyo inayosagwa. Pumba hutiwa magunia zikauzwa kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe, na ndani ya magunia hayo huondoka nyuzinyuzi nyingi, sehemu kubwa ya vitamini za jamii ya B, madini ya magnesi na mafuta mazuri ya kiini. Mambo ni hayo hayo kwa mchele mweupe na kwa unga wa ngano tunaopikia chapati, maandazi na mkate wa boflo. Sukari nyeupe ndiyo iliyofika mwisho wa safari hiyo, kwa kuwa muwa mzima ulioingia kiwandani na nyuzi zake umetoka ukiwa utamu mtupu.

Mwilini, tofauti hii huonekana upesi. Wanga ni mnyororo wa sukari ndogo iitwayo glukosi, na mnyororo usio na kizuizi hukatika haraka, sukari ikajaa katika damu kwa mkupuo, na kongosho likalazimika kumwaga insulini nyingi ili kuirejesha katika kiasi chake. Mtu akiishi hivyo mwaka baada ya mwaka, hasa akiwa mnene na hafanyi kazi ya kutoa jasho, mwili huanza kuwa mzito wa kuisikia insulini. Ini nalo hugeuza ziada kuwa mafuta na kuyapeleka katika damu, lehemu njema inayosafisha mishipa ikapungua, na njia ya kuelekea kisukari na kuziba kwa mishipa ya moyo ikafunguka. Sukari ya mezani, ambayo nusu yake ni glukosi, ina nusu ya pili iitwayo fruktosi, ambayo sehemu yake kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ni nyepesi mno kugeuka mafuta.

Nyuzinyuzi hufanya kinyume cha hayo. Zile za maharage, shayiri na matunda mengi huyeyuka zikawa ute kama wa bamia, ute huo ukachelewesha sukari kuingia katika damu, kisha ukanasa asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini, likihitaji kutengeneza nyongo nyingine, hulazimika kuichota lehemu iliyomo katika damu, na kwa njia hiyo lehemu mbaya hupungua bila ya dawa. Nyuzinyuzi pia hufika katika utumbo mpana, vijidudu vyema vikazila na kutoa vitu vyenye manufaa kwa mwili.

Sasa tuje kwenye dalili. Huko Uingereza, kati ya 1956 na 1966, wanaume 337, wafanyakazi wa benki na wa mabasi, walikubali kupima katika mizani kila walichokula kwa wiki nzima, kisha wakafuatiliwa hadi mwisho wa 1976. 45 kati yao walipata maradhi ya mishipa ya moyo, na ilidhihirika kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi za nafaka walisalimika zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2014 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba watu waliopata robo au zaidi ya nguvu zao za siku kutokana na sukari iliyoongezwa katika chakula walikabiliwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa inayokaribia mara tatu ya wale waliopata chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 2019, kwa ombi la Shirika la Afya Duniani, wataalamu walikusanya tafiti 185 za ufuatiliaji na majaribio 58 ya tiba, na wakakuta kwamba wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi wana vifo pungufu, vya jumla na vya maradhi ya moyo, kwa asilimia 15 hadi 30, na kwamba faida hiyo huonekana hasa kwa gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Atasema msomaji mwenye hadhari kwamba anayekula nafaka nzima huenda pia havuti sigara na hutembea sana. Neno hilo ni la haki, na wachunguzi hulitia katika hesabu zao. Lakini majaribio, ambamo watu waligawiwa vyakula tofauti kwa makusudi, yalionyesha vilevile kwamba nyuzinyuzi hupunguza uzito, lehemu na shinikizo la damu. Tena wako Watsimane wa Bolivia, ambao habari zao zilitangazwa mwaka 2017: asilimia 72 ya nguvu zao hutokana na wanga wa ndizi, mihogo, mpunga na mahindi, na walipopigwa picha za mishipa ya moyo, asilimia 85 walionekana hawana hata chembe ya chokaa, ambayo ndiyo dalili ya mishipa kuziba. Ni kweli kwamba watu hao huwinda na kulima kutwa. Lakini wanatuthibitishia kwamba wingi wa wanga na uzima wa moyo vyaweza kukaa pamoja.

Kwa hiyo nasaha iliyo bora si kuukimbia ugali. Aliyezoea sembe na ajizoeze dona, ya mahindi makavu yaliyochambuliwa vema, maana mahindi yenye ukungu hubeba sumu ambayo hukaa zaidi katika ganda na kiini. Naye atapata unga mwingi zaidi kwa mahindi yale yale. Mtama, uwele na ulezi virejeshwe jikoni, na mkate wa mofa usisubiri sikukuu. Kunde, choroko, mbaazi na maharage vipewe heshima ya kila siku, kwani kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa huleta karibu nusu ya nyuzinyuzi zinazotakiwa kwa siku. Tunda liliwe, lisikamuliwe. Mwenye kisukari naye ashauriane na tabibu wake kuhusu kiasi, kwa kuwa hata wanga mwema una mpaka.

Na sukari ihesabiwe. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekwisha kula gramu 36, na akiongeza soda moja ya mililita 350 amepita gramu 70, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hii isizidi sehemu ya kumi ya nguvu za siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na linasema kwamba nusu ya hizo ingekuwa heri zaidi.

Maradhi ya moyo yaliyokuwa nadra Mulago leo yamo katika miji yetu yote, nayo hayakuletwa na mihogo ya bibi zetu wala na maharage yao. Tiba yake ni ghali na haipatikani kila mahali, ilhali kinga yake inaota mashambani mwetu, wazee wetu waliijua kuipika, na wataalamu wa dunia wamekwisha kuishuhudia. Kuiacha kinga hiyo kwa kuionea haya, kwa kudhani kwamba weupe wa unga ni ustaarabu, ni hasara ambayo hatuna udhuru wa kuendelea kuilipa.