Uganda: Buganda na Bunyoro Ziligombania Nini?

Mkulima wa kahawa wa Ruiru au Thika akivuka mpaka pale Malaba na kushika njia ya Kampala, kitu cha kwanza kigeni kwake ni mbuni. Kwao amezoea arabika, ikiwemo Ruiru 11 iliyotolewa na kituo cha utafiti cha huko huko Ruiru. Huku atakuta robusta chini ya kivuli cha migomba, na mti huo ni wa asili katika misitu ya nchi hii. Kando ya Ziwa Victoria mvua ni nyingi, ndizi hazikatiki, na shamba dogo hulisha nyumba kubwa. Hiyo ni Buganda. Akiendelea kaskazini-magharibi na kuvuka mto Kafu, migomba inapungua. Anakutana na nyasi ndefu, ulezi na ng'ombe, hadi nchi inapoporomoka kuelekea Ziwa Albert. Hiyo ni Bunyoro, na mji wake mkuu ni Hoima.

Falme hizi zilipigana vizazi kwa vizazi. Bunyoro ndiyo iliyotangulia kuwa na nguvu, na mfalme wake, Omukama, alijihesabu mrithi wa ufalme wa kale wa Kitara. Ilikuwa na wahunzi mashuhuri wa majembe, na chumvi ya Kibiro ambayo wanawake wanaitengeneza mpaka leo. Buganda ilikuwa na chakula tele, vitambaa vya magome ya mutuba na mitumbwi ya vita ziwani, lakini chuma na chumvi ilivitafuta kwa jirani.

Kandokando yao palikuwa na nchi ndogo ndogo, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Watawala wengi wa Busoga, na wa Koki, walipaswa kumpelekea mkubwa fulani kodi ya ng'ombe, pembe na watu. Swali lilikuwa mkubwa yupi. Mwishoni mwa karne ya 18 Buganda iliitwaa Buddu, ikajifungulia njia ya Karagwe na pwani. Karibu na mwaka 1830 mwana wa mfalme, Kaboyo, alijitenga na Bunyoro akaanzisha Toro.

Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Suuna II na nguo na bunduki, wakitaka pembe na watumwa. Tangu hapo aliyeshika njia ya misafara alishika silaha. Kabalega, aliyetawala Bunyoro kuanzia 1870, aliunda jeshi la abarusura, akairudisha Toro mkononi mwake, na 1886 akawashinda Waganda huko Rwengabi.

Ulaya nayo iliona mashindano ya namna hii. Austria na Prussia zilivutana juu ya nchi ndogo za Kijerumani, hadi Prussia ilipoishinda Austria huko Königgrätz mwaka 1866, katika vita vya majuma saba. Prussia ilishinda kwa jeshi lake. Buganda ilishinda kwa kuegemea mgeni: Desemba 1893 Waingereza walitangaza vita dhidi ya Kabalega, na maelfu ya askari wa Kiganda wakaenda nao. Nchi iliyo kusini mwa Kafu, pamoja na makaburi ya wafalme wa Bunyoro, ikakabidhiwa Buganda.

Kabalega alipigana msituni hadi 1899, akakamatwa pamoja na Kabaka Mwanga, ambaye naye alikuwa amewaasi Waingereza. Wafalme hao wawili wakahamishiwa Shelisheli. Mwaka 1907 Wanyoro waliwakataa machifu wa Kiganda waliopelekwa kuwatawala, na malalamiko ya ardhi yao hayakuzimika.

Novemba 1964, Uganda ikiwa tayari huru, wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti mbili za ardhi hiyo, walipiga kura wakachagua kurudi Bunyoro. Kabaka Mutesa II alikuwa ndiye rais wa nchi, na kura hiyo ilizidisha uhasama wake na waziri mkuu, Milton Obote. Mei 1966 jeshi lilishambulia kasri la Kabaka, naye akakimbilia Uingereza. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa, na hakuna uliorudishwa hadi 1993.

Buganda ilipewa ardhi kwa bunduki za mgeni, na sehemu ya ugomvi wake ikaamuliwa na wakazi wenyewe kwa kura. Ushindi wa kuazima haukuipa amani, wala haukuinusuru na aliyekuja baadaye akiwa na jeshi kubwa zaidi.