Je, Wajua? Miguu Hukimbia, Simu Huchangisha, Wagonjwa Hutibiwa

Je, wajua kwamba washiriki wa London Marathon wamechangisha zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mashirika ya hisani tangu mbio hizo zianze mwaka 1981? Mkimbiaji hufungua ukurasa wa michango mtandaoni, hueleza anakimbia kwa ajili ya nani, kisha huwatumia ndugu na marafiki kiungo.

Je, wajua nguvu ya ukurasa mmoja? Aprili 2020, Tom Moore, askari mstaafu wa Uingereza mwenye miaka 99, alizunguka bustani yake mara 100 akisukuma kigari cha kutembelea, ili kuchangia hisani za huduma ya afya ya taifa, NHS. Alilenga pauni 1,000. Siku alipotimiza miaka 100, michango ilikuwa imepita pauni milioni 32!

Je, wajua kwamba Oktoba mwaka huohuo, corona ilipozuia umati, maelfu walikimbia kilomita 42 za London kila mtu kwao, programu ya simu ikiwahesabia umbali?

Je, wajua kwamba Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wa wakati huo, alimaliza mbio za London mwaka 2014 kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero? Kampeni hiyo ilipeleka kliniki tembezi katika kaunti zote 47, mama mjamzito asifie njiani akitafuta huduma.

Ukitumiwa kiungo, hakikisha kwanza shirika limesajiliwa, kisha toa ulichonacho. Haba na haba hujaza kibaba.