Taa ya oili ikiwaka, mtaji uko hatarini

KWA mfanyabiashara anayebeba ndizi, maharage au dagaa kutoka Muleba kwenda Bukoba, pikapu ya dizeli ni sehemu kubwa ya mtaji. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, uamuzi wa dakika moja unaweza kuamua kama hasara itakuwa lita chache za oili au injini nzima.

Wengi hudhani taa hiyo ni onyo la mapema. Sivyo. Katika magari mengi huwaka presha inaposhuka hadi kiasi cha paundi 4 hadi 7 tu kwa inchi ya mraba. Wakati huo beringi za krenki shafti zinakaribia kusagana chuma kwa chuma. Dereva asijikaze afike Kemondo; azime injini pale pale.

Uchunguzi uanze na kisicho na gharama. Gari likae mahali tambarare kwa dakika 10 hivi, kisha kijiti cha kupimia kichomolewe. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe ya aina inayotakiwa na mvujo utafutwe. Ikiwa imezidi alama, ni nyepesi na inanuka dizeli, dizeli inaingia ndani. Kuongeza oili hakusaidii.

Kiasi kikiwa sawa, fundi aondoe swichi ya presha na kufunga geji mahali pake. Geji ikionyesha presha nzuri, mbovu ni swichi au waya. Injini ikiwa ya moto, mafundi wengi huhesabu kiasi cha paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa kipimo cha mwisho ni cha kitabu cha injini hiyo. Presha ikiwa ndogo kweli, hufuata filta, chujio la ndani, vali ya presha na pampu. Beringi ni za mwisho. Mwenye gari anayeambiwa injini ifunguliwe kabla ya geji kufungwa ana sababu ya kukataa.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika, kipimo ni hicho hicho. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa sharti iwake, kisha izimike sekunde chache baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua au waya umekatwa makusudi. Gari lisipimwe likiwa la baridi, kwani oili nzito huficha ubovu. Lipandishwe mlima wa Kamachumu, kisha liachwe lingurume bila kukanyagwa mafuta. Taa ikianza kumetameta, fedha zibaki mfukoni hadi geji ifungwe.

Ndizi zikilala njiani huiva na kushuka bei, lakini bado huuzika. Injini ikinoki, safari za wiki nzima husimama.