Kituo cha Anga: Kutua au Kuungana?

Mwanafunzi wa Kilosa ajua kituo kuwa mahali pasipohama, ambapo garimoshi husimama. Je, neno hilo lafaa kwa chombo kinachoizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi? Twaona lafaa. Asili yake ni kutua, yaani msafiri kushusha mzigo, wala halilazimishi mahali penyewe patulie. Lakini mfasiri asiandike kwamba chombo "kilitua" kituoni. Ndege hutua kiwanjani Mikumi. Soyuz 28, iliyomchukua Vladimír Remek wa Chekoslovakia Machi 1978, msafiri wa kwanza wa angani asiyetoka Muungano wa Kisovieti wala Marekani, iliungana na kituo cha Salyut 6, vyote viwili vikienda mbio. Kutua kulikuja baadaye, ardhini Kazakhstan.