Je, Jua la Jana Ndilo la Leo?

Ndugu msomaji, mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili walifika Karagwe wakitokea pwani. Majina yao yalikuwa John Speke na James Grant. Walikuwa wanatafuta mahali unapoanzia Mto Nile. Mukama wa Karagwe wakati huo alikuwa Rumanyika, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Aliwapokea vizuri.

Mukama huyu alipenda sana kuuliza. Speke aliandika baadaye kwamba Rumanyika alitaka kujua jambo hili: jua tunaloliona leo ni lilelile la jana, au kila siku linakuja jua jipya? Na mwezi je, mbona unabadilisha sura, kama vile unatucheka sisi wanadamu?

Wapo watu wakisikia habari hiyo hucheka. Wasicheke. Hebu fikiri mwenyewe. Jioni jua linazama upande wa Rwanda. Asubuhi linatoka upande wa Ziwa Victoria. Nani kati yetu aliyeliona likirudi usiku? Hakuna. Sasa umejuaje kwamba ni lilelile? Wengi wetu tunajua kwa sababu tuliambiwa. Rumanyika hakutaka kuambiwa tu. Alitaka kujua sababu.

Watu wanaochunguza nyota leo wanafanya kazi hiyohiyo ya kuuliza. Tofauti ni kwamba wao wana vyombo, na vyombo vingine vimepelekwa juu kabisa, nje ya hewa ya dunia. Katika makala hii tutaeleza vyombo hivyo, na jinsi Afrika ya Mashariki ilivyoshiriki katika kazi hiyo.

JARIBU NYUMBANI KWAKO

Kwanza tujibu swali la Mukama. Usiku, weka koroboi mezani katika chumba chenye giza. Koroboi ndiyo jua. Chukua chungwa, lichome njiti ndogo ubavuni. Chungwa ndiyo dunia, na njiti ni Karagwe. Sasa lizungushe polepole. Njiti ikielekea koroboi, ni mchana. Ikienda nyuma, ni usiku. Koroboi haikuondoka mahali pake, wala hukuwasha nyingine. Basi jua ni lilelile. Ni sisi tunaozunguka.

Sasa mwezi. Shika chungwa kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa chako, halafu uelekee koroboi. Upande unaouona wewe ni wa giza. Huo ni mwezi usioonekana. Geuka kidogo kidogo, chungwa likiwa mbele yako. Utaona kipande chembamba kinang'aa, kisha nusu. Ukiipa koroboi mgongo, chungwa lote unaloliona linang'aa. Huo ni mwezi mpevu. Kumbe mwezi hautucheki. Mwanga wa jua unaupiga wakati wote, ila sisi tunauona kutoka pande mbalimbali.

KWA NINI DARUBINI IPELEKWE JUU?

Darubini ni chombo cha kukusanya mwanga mwingi ili macho yaone vitu vilivyo mbali. Darubini kubwa nyingi ziko duniani, juu ya milima. Lakini zina tatizo moja, nalo ni hewa.

Umewahi kutazama jiwe chini ya maji ya mto? Maji yakitembea, jiwe huonekana kama linacheza. Hewa nayo inafanya hivyo kwa mwanga wa nyota. Ndiyo maana nyota humetameta. Tena hewa huzuia kabisa baadhi ya miale isitufikie. Mfano ni miale ya eksirei, ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Kuzuiwa huko ni bahati yetu, maana miale hiyo ikizidi hudhuru mwili. Lakini kwa mtaalamu wa nyota ni hasara. Mbinguni viko vitu vinavyotoa eksirei nyingi, na mtu aliye chini hawezi kuviona. Dawa yake ni moja tu: kupeleka chombo juu ya hewa.

CHOMBO KILICHOITWA UHURU

Watu wengi hudhani mambo haya ni ya Marekani na Ulaya tu. Sivyo. Satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za mbinguni ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, na jina lake ni la Kiswahili: Uhuru.

Karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma baharini, wakaliita San Marco. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Roma. Kutoka hapo roketi zilirushwa kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya Marekani yenye uzito wa kiasi cha kilo 140, yaani kupita kidogo magunia mawili ya kahawa ya kilo 60. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru. Basi mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, akaona inafaa satelaiti ipewe jina la Uhuru.

Kwa nini Wamarekani waje mpaka Malindi? Rudi kwenye chungwa lako. Ukilizungusha, sehemu ya katikati inakwenda mbio kuliko pale juu kwenye kikonyo. Dunia nayo ni hivyo. Mahali penye mbio zaidi ni kwenye ikweta, na mbio zake ni kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki, inasukumwa na mbio hizo, kama jiwe linalotupwa mbele na mtu aliye juu ya lori linalokimbia. Tena, chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu za anga zenye chembechembe zinazovuruga vipimo vyake.

Uhuru ilimaliza mzunguko mmoja wa dunia kwa dakika 96 hivi. Haikwenda mbali na ikweta kupita nyuzi 3, kaskazini wala kusini. Karagwe na Kyerwa ziko kiasi cha nyuzi moja na nusu kusini ya ikweta. Kwa hiyo kila siku Uhuru ilipita mara nyingi juu yetu au karibu nasi. Watu walikuwa shambani wakipalilia migomba na kuchuma kahawa, wala hawakuwa na habari.

Ilifanya kazi mpaka 1973, ikaorodhesha vitu 339 vya mbinguni vinavyotoa eksirei. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zinabadilika haraka sana, hata katika muda usiofika sekunde moja. Mwaka 1971 wataalamu waliotumia darubini za duniani wakaona kwamba mahali hapo iko nyota kubwa inayozungushana na kitu kizito kisichoonekana. Hicho ndicho cha kwanza kudhaniwa kwa nguvu kuwa shimo jeusi. Shimo jeusi si shimo kama la choo. Ni kitu chenye nguvu kubwa ya kuvuta, hata mwanga hauwezi kukitoroka.

Uhuru ilianguka na kuungua hewani mwaka 1979, mwaka uleule ambao sisi wa Kagera tunaukumbuka kwa vita. Kiongozi wa uchunguzi wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Malindi nayo haikusahauliwa. Satelaiti nyingine ya eksirei, iitwayo IXPE, ilirushwa kutoka Marekani Desemba 2021 na kuwekwa juu ya ikweta. Kituo chake kikuu cha kupokelea habari kilikuwa hapohapo Malindi.

HUBBLE NA WEBB

Darubini ya angani iliyosifika zaidi ni Hubble. Ilipelekwa juu Aprili 1990. Mwanzoni picha zake zilikuwa na ukungu, kwani kioo chake kilikuwa kimesagwa vibaya kidogo. Desemba 1993 wanaanga waliifuata hukohuko juu wakairekebisha, kama mtu anavyovalishwa miwani. Tangu hapo imepiga picha safi kwa miaka mingi.

Hubble huzunguka juu ya nchi za joto tu. Mtu aliye London hawezi kuiona, lakini sisi tunaweza. Baada ya jua kuzama, au kabla ya kupambazuka, wakati mwingine utaona nyota inatembea taratibu, haimetimeti, kisha inatoweka. Hiyo ni satelaiti, na mara nyingine huwa ni Hubble yenyewe. Si mchawi, wala si dalili ya balaa.

Tarehe 25 Desemba 2021 ilirushwa darubini kubwa zaidi, iitwayo James Webb. Ilirushwa kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, mahali palipo karibu na ikweta kama Malindi. Kioo chake kina upana wa mita 6.5. Kimeunganishwa kwa vipande 18 na kupakwa dhahabu. Iko mbali kiasi cha kilomita milioni 1.5, kupita mwezi karibu mara nne.

Webb haitazami mwanga wa kawaida tu. Hasa inatazama miale ya joto. Mama akifunika makaa kwa majivu jioni, huoni moto. Lakini ukisogeza mkono, unasikia joto. Ndivyo Webb inavyogundua nyota zilizofichwa na mavumbi ya angani. Ili isichanganyikiwe na joto lake yenyewe, imewekewa mwavuli wa tabaka tano unaozuia jua. Kivulini mwake kuna baridi ya zaidi ya nyuzi 220 chini ya sifuri.

BARUA ILIYOCHELEWA

Mwanga una mbio sana, kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, kutoka kwenye jua mpaka kwetu unachukua dakika 8. Kutoka kwenye nyota ya jirani zaidi baada ya jua, miaka 4 na zaidi. Basi mwanga ni kama barua. Barua ikikaa njiani miaka kumi, utasoma kwamba mtoto ameanza kutambaa, kumbe sasa yuko shule. Vivyo hivyo, nyota tunaiona kama ilivyokuwa zamani, wala si kama ilivyo leo.

Webb inasoma barua za zamani mno. Wataalamu wanakadiria kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwaka 2024 walitangaza kuwa Webb imeona kundi kubwa la nyota ambalo mwanga wake ulianza safari wakati ulimwengu una miaka milioni 290 hivi tu. Mwaka 2025 wakatangaza lingine la kale zaidi kidogo. Makundi hayo yanang'aa kuliko walivyotegemea, na wataalamu bado wanatafuta sababu.

Jambo jingine ni sayari. Zamani tulijua zile zinazozunguka jua letu tu. Kufikia mwaka 2025, sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine zilikuwa zimepita 6,000. Mwaka 2022 Webb ilipima hewa ya mojawapo na kukuta gesi ileile tunayoitoa tunapopumua. Je, viko viumbe huko? Mpaka sasa hakuna uthibitisho. Mtu akikuambia vimeonekana, mwambie alete ushahidi.

YATUSAIDIA NINI?

Mzee mmoja anaweza kusema: "Webb imegharimu dola bilioni 10, na kahawa yangu bei ni ileile." Ni kweli. Darubini haipandishi bei ya kahawa. Lakini elimu hii ina kazi yake, na kazi moja iko karibu kuja.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utapita mbele ya jua. Katika nchi kama Misri na Saudi Arabia, ziko sehemu ambazo jua litafunikwa lote. Kwetu Kagera litafunikwa sehemu tu, wakati wa mchana, jua likiwa karibu na utosi. Wataalamu wamehesabu siku hiyo tangu zamani, kwa hiyo asitokee mtu akawatisha watu kwamba dunia inakwisha, halafu akawachangisha fedha.

Hatari ya kweli ni ya macho. Jua lililofunikwa nusu linaweza kuunguza jicho bila maumivu yoyote, na jicho hilo lisipone tena. Kwa hiyo:

1. Usitazame jua kwa macho, hata kidogo. Waangalie watoto hasa.
2. Usitumie miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei, wala beseni la maji. Havitoshi kuzuia.
3. Usitazame jua kwa darubini au kamera.
4. Toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu. Lipe jua kisogo, uache mwanga upite tunduni uanguke chini au kwenye karatasi nyeupe. Hapo utaona sura ya jua lililomegwa.
5. Tazama pia chini ya mwembe. Mwanga unaopenya kati ya majani utachora majua madogo mengi yaliyomegwa.

Ndugu msomaji, mtoto wako akikuuliza jua huenda wapi usiku, usimfukuze. Washa koroboi, tafuta chungwa, mwonyeshe. Swali la namna hiyo liliulizwa Bweranyange na Mukama mwenyewe, na lilikuwa swali la maana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini nyota humetameta?
2. Kwa nini satelaiti ya Uhuru ilirushwa karibu na Malindi?
3. Eleza kwa nini mwezi hubadilika sura. Tumia koroboi na chungwa.
4. Kijijini kwenu mtafanya nini ili watoto wasiumie macho tarehe 2 Agosti 2027?