Ung'eng'e wa Mwanjelwa na ung'eng'e wa London: upi sanifu?

Binti wa dada yangu yuko Iringa, kasomea kuongoza watalii na anatafuta kazi kwenye kambi za kule Ruaha. Juzi nilipita kwake nikitokea Mbeya, nikamkuta kajifungia chumbani na simu, anaiga lafudhi ya Waingereza. Usaili ni wiki ijayo. "Mjomba," akaniambia, "nikienda na hii lafudhi yetu ya Mwanjelwa hawanichukui."

Iliniuma kidogo. Mimi mwenyewe nikiwa sekondari niliwahi kusimamishwa mbele ya darasa nirudie neno "rice" mpaka watu wakachoka kucheka. Kinyakyusa nilicholelewa nacho hakina r ya asili, basi kila nikitaja wali inatoka "lice", yaani chawa.

Nikamuuliza: hiyo unayoiga ni ya nani hasa? Akasema ni Kiingereza sanifu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Lafudhi hiyo wataalamu wanaiita Received Pronunciation, RP kwa kifupi. Daniel Jones, bingwa wa fonetiki, alipotoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917 hakuficha kitu: alisema ni matamshi ya familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wao wamesoma zile shule kubwa za bweni za wenye nazo. BBC nao wakaikumbatia miaka ya 1920. Mwaka 1941 walipomweka Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, asome habari kwa lafudhi ya kwao, wasikilizaji kibao walilalamika. Waingereza hao hao! Na wanaoongea RP kwao ni wachache tu. Hata Malkia Elizabeth hakubaki palepale: watafiti walipima hotuba zake za Krismasi, wakatangaza mwaka 2000 kwamba irabu zake zilisogea kuelekea kwa watu wa kawaida kadiri miaka ilivyokwenda.

Sisi mchezo huu tunaujua. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ikaamuliwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Watu wa Mombasa na Kimvita chao hawakuwa wanakosea, hawakuchaguliwa tu. Sisemi sanifu haina kazi, vitabu na mitihani vinaihitaji. Nasema sanifu maana yake ni kilichochaguliwa. Hata jina Iringa linatokana na neno la Kihehe "lilinga", ngome. Wenye kalamu wakigeuza l kuwa r linakuwa jina la mkoa, ila mtoto wa Mwanjelwa akigeuza r kuwa l anachekwa.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe, maana nilimkuta anabiringisha r kila mahali: "carrr", "waterrr". Nikamwambia mwanangu, hiyo ni Marekani! RP haitamki r mwishoni mwa neno wala kabla ya konsonanti. Ushahidi tunao kinywani: shati, nesi, tochi, kadi, baa. Yote kwa Kiingereza yanaandikwa na r, lakini sisi tulichukua kile masikio yalichosikia kwa Waingereza, na r haikuwepo.

Maneno hayo yanaonyesha pia tatizo letu lilipo. Kiswahili kina irabu 5, RP ina kama 20 ukihesabu zile za kuunganika. Irabu ya "nurse" na "shirt" ni moja, ila kwa kuwa hatuna, ya kwanza tukaiwekea e, ya pili tukaiwekea a. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye "bird". Ruaha kuna zaidi ya aina 500 za ndege, halafu mwongozaji akisema "bedi" mgeni anatafuta kitanda. Kuna na "leopard": ile o haitamkwi kabisa, inasikika kama "lepad" na mkazo uko mwanzoni. Sisi tunasema "liopadi" kwa sababu Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa mawazo yangu mgeni anapotezwa zaidi na mkazo kuliko na r.

Lingine ambalo Wanyakyusa wenzangu hatulisemi: lugha yetu ina irabu 7, na i zake ni mbili. "Ship" na "sheep", ambazo Mswahili wa pwani zinamtoa jasho, sisi tuna pa kuanzia. Nilimwambia atamke maneno ya bibi yake polepole, kisha arudi kwenye Kiingereza. Akacheka, lakini akajaribu, na tofauti ilisikika.

Ila hakukubali yote. "Mjomba, wewe kazi unayo," akasema. "Anayenisaili hajui habari za kamati ya 1930. Akisikia naongea kama televisheni ataniamini." Hapo sikuwa na jibu zuri. Tukakubaliana asubuhi ni ndege na wanyama, mkazo na irabu, jioni aigize London yake anavyotaka, ila zile r za Marekani aziache.

Usaili ni Jumanne, wadau. Majibu yakitoka nitawajuza.